Ondoa solo, sikiliza wanaoitikia

Alhamisi iliyopita nilifika mazoezini na spika ndogo badala ya karatasi za nota. Mpiga kinanda alikuwa hajafika, waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) walikuwa wawili tu, na wale wa alto (sauti ya chini ya wanawake) walishaanza soga zao. Nikawaambia leo hatuimbi kwanza, tunasikiliza. Niliwawekea “California Dreamin’” ya The Mamas & the Papas, ila bila gitaa, bila ngoma, bila besi, na yule anayeimba solo nilikuwa nimemshusha mpaka amebaki kwa mbali, kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta. Kilichobaki mbele ni sauti za wanaoitikia.

Nafundisha kwaya, na siku ambazo sifundishi narekodi kwaya za wenzangu. Kwa hiyo masikio yangu yana kasoro ya kazi: wimbo wowote nikiusikia, najikuta nafuatilia sauti ya pili na ya tatu, siyo ile inayobeba maneno. Wimbo huu nimeufuatilia hivyo kwa miaka mingi, na bado kila nikiuvua ala zake kuna kitu kipya kinajitokeza.

Historia yake nitaisema haraka. Mwaka 1963 John na Michelle Phillips walikuwa New York, mtu na mkewe, na ilikuwa majira ya baridi. Michelle ni mtoto wa California, kazaliwa Long Beach, na baridi ile ilikuwa inamtesa kwa kuikumbuka nyumbani. Hapo ndipo wimbo ulipozaliwa: majani yamekauka, mbingu ya kijivu, mtu anatembea huku anaota jua la kwao. Baadaye wakaungana na Cass Elliot wa Baltimore na Denny Doherty wa Halifax, Kanada, wakawa wanne, ndio hao The Mamas and the Papas, wakahamia Los Angeles. Huko ndiko ilikokuwa inachemka ile ladha ya nyimbo za gitaa kavu zilizokutana na ngoma na gitaa la umeme, ambayo Wamarekani waliiita folk rock. Santuri ilitoka Desemba 1965, na mwaka 1966 ilipanda hadi namba 4 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nibebe spika.

Wimbo huo haukurekodiwa kwa ajili ya Denny. Wale wanne waliletwa studio, kwa prodyuza Lou Adler, na Barry McGuire, aliyekuwa anatamba mwaka huohuo wa 1965 na “Eve of Destruction”. Wakaajiriwa kumwitikia. McGuire aliimba solo, wanne wakaitikia, na katikati kukawa na kipande cha harmonika. Kisha ukafanyika uamuzi kwamba wimbo ubaki kwa wenyewe. Hawakuanza upya. Ala ziliachwa zilivyo, viitikio vikaachwa vilivyo, sauti ya McGuire ikafutwa na Denny akaimba mahali pake. Harmonika nayo ikatolewa, na mwanajazi Bud Shank akapuliza filimbi ya alto, ile ambayo mtu akishaisikia mara moja haimtoki tena kichwani.

Tafakari hapo kidogo. Unaposikia kundi linamjibu Denny kwa utamu ule, kwa kweli linamjibu mtu mwingine ambaye hayupo tena. Waitikiaji walishamaliza kazi yao. Aliyebadilishwa ni mwimbishaji, na wimbo haukuyumba hata kidogo. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kukosa mtu wa solo Jumapili asubuhi anajua maana ya jambo hili.

Na McGuire hakuondoka kabisa. Vaa hedifoni, sikiliza toleo la stereo, na mwanzoni kabisa mwa sauti, upande wa kushoto, utamsikia kwa kufumba na kufumbua: kivuli cha sauti kilichosalia kwenye utepe kwa sababu hakikufutwa vizuri. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni hitilafu ya faili langu. Nikapakua jingine. Naye yupo.

Ukishaondoa ala, cha kwanza kinachokushika ni mpangilio wa kuita na kuitikia. Hauhitaji kuelezwa kwa Mswahili, maana tumekulia kwenye ngoma na nyimbo za kazi ambazo mmoja anatoa na wengi wanapokea. Ila hapa kuna ujanja. Katika ubeti wa kwanza kiongozi anatupa mstari, kundi linaurudia karibu neno kwa neno, lakini halimsubiri amalize pumzi wala yeye halisubiri kundi limalize. Kundi linashikilia neno la mwisho na kulivuta, na juu ya mvuto huohuo kiongozi anaingia na mstari unaofuata. Hakuna mshono unaoonekana. Ni kama mafundi wawili wanaopokezana matofali: mkono wa mmoja haujaachia, wa pili umeshashika. Wanaendelea hivyo mpaka mstari wa mwisho, ule wa siku ya baridi, na hapo tu ndipo wote wanaimba pamoja. Uzito wote unaousikia kwenye mstari huo unatokana na kunyimwa umoja kwa ubeti mzima.

Kwaya zetu nyingi hukosea hapohapo. Nilikosea mimi kwa miaka. Nilikuwa nafundisha kiitikio kianze pale solo inapokoma na kikome pale solo inapoanza, safi kama mpaka wa shamba. Matokeo yake wimbo ulikuwa unakatikakatika, nami nalaumu besi.

Cha pili ni irabu. Sauti za wale wanne hazifanani hata kidogo. Ya Michelle ni nyembamba, ya juu, kama uzi. Ya Cass ni nene, ina mwili, ungeweza kuiegemea. Denny ana tena laini ya asali, na John anakaa chini akishikilia paa lisidondoke. Wangeweza kusikika kama watu wanne waliokutana kituo cha basi. Kinachowaunganisha ni kwamba wanafungua mdomo kwa namna moja. Neno la Kiingereza la rangi ya kahawia, “brown”, lina irabu mbili zilizoshikana, a kisha u. Waimbaji wasiofundwa kila mmoja angeingia kwenye u kwa wakati wake, na hapo ndipo ukungu unapoanza. Hawa wanakaa kwenye a, wanaivuta, na ile u wanaigusa mwishoni tu wakati wa kufunga. Fanya hesabu ya irabu na utaona kwamba sisi tumependelewa: Kiswahili kina irabu tano zilizonyooka, silabi karibu zote zinaisha wazi, kwa irabu, nusu ya kazi tumefanyiwa na babu zetu. Halafu tunaipoteza kwa kuimba “Bwana” kila mtu na a yake.

Cha tatu ndicho kinachonikosesha usingizi, na hapa mnivumilie, nitaingia kwenye namba.

Wimbo uko kwenye ufunguo wa C♯ mainori; mpiga gitaa anafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye fret ya nne (fret ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) na kupiga kama yuko A mainori. Ndani ya mzunguko wake kuna kodi (nota kadhaa zinazolia kwa pamoja) ya A meja inayopita tena na tena. Chukua A yenye mitetemo 220 kwa sekunde, uiite do. So yake, nota ya tano kuanzia do, ikiwa safi ni 330. Sauti ya mtu haitoi mtetemo mmoja. Inatoa na mafungu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne, yakipungua nguvu kadiri yanavyopanda. Fungu la tatu la do ni 660. Fungu la pili la so ni 660. Yanakutana mahali pamoja na kupeana nguvu. Sasa weka mi, nota ya tatu. Mi safi ni 275: fungu lake la nne ni 1,100, na fungu la tano la do pia ni 1,100. Yanakaa juu ya kiti kimoja. Lakini mi ya kinanda kilichotuniwa kwa kawaida iko juu kidogo, kama 277, na fungu lake la nne linafika karibu 1,109. Tofauti hiyo ya tisa sikio linaipokea kama mtikisiko, mawimbi tisa kila sekunde. Ndiyo ile hali ya kodi kuwa sahihi lakini haitulii.

Watu wanaosikilizana huishusha mi bila kuambiwa. Sidai kwamba wale wanne walikuwa wamenyooka kila mahali. Chini yao kulikuwa na gitaa zenye fret, na fret haibembelezwi. Lakini kwenye nota ndefu, ukiwa umezima ala, unaisikia kodi ikianza na mchanga kidogo kisha ikitulia. Hiyo ni mi inayotafuta kiti.

Na ikitulia, kuna jambo linatokea ambalo wao wenyewe walilipa jina. Walisema mafungu yakikaa sawasawa walikuwa wanasikia sauti ya tano, ya mtu ambaye hayumo chumbani. Wakamwita Harvey. Siyo uchawi: mafungu yaliyokutana yanakuwa na nguvu kiasi kwamba sikio linayahesabu kama nota inayojitegemea. Hata hivyo, siku niliyomsikia kwa mara ya kwanza kwenye kwaya yangu mwenyewe, kanisa likiwa tupu na kinanda kimezimwa, niligeuka kuangalia nani kaingia.

Kuna suala la studio, nalo nitaligusa tu. Kazi ilifanyika United Western Recorders, Hollywood, fundi mitambo akiwa Bones Howe, na wapiga ala wakiwa wale mafundi wa kukodiwa waliopiga kwenye nusu ya redio ya Marekani miaka ile: Hal Blaine kwenye ngoma, Joe Osborn kwenye besi, Larry Knechtel kwenye kinanda. Mashine za wakati huo zilikuwa na traki (njia za kurekodia sauti mbalimbali kando kando) chache mno, si kama leo kijana anafungua traki 80 kwenye laptopu kisha analalamika. Walichofanya ni kuimba sehemu yao, halafu kuiimba tena juu yake. Hakuna binadamu anayerudia kitu kilekile sawasawa. Mara ya pili anachelewa kidogo hapa, anawahi kidogo pale, anapanda unywele mmoja. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazofanya watu wanne wasikike kama kanisa zima. Ukizima ala unazisikia hasa kwenye konsonanti: s zinatoka mbili, kama viatu vya watu wawili kwenye ngazi.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe: njia ya zamani ni kugeuza juu chini mawimbi ya chaneli moja, ya kushoto au ya kulia, na kuijumlisha na nyingine, kitu chochote kilichokaa katikati kinajifuta. Siku hizi programu za akili mnemba zinatenganisha sauti na ala kwa dakika mbili. Zinafaa, lakini zisikudanganye. Zikishindwa kuamua kama kitu ni toazi la ngoma au herufi s, zinaacha majimaji, kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Na mwangwi zinauvuruga kabisa. Kwenye wimbo huu mwangwi ni sehemu ya mpangilio wa sauti, maana unaziba yale mapengo madogo kati ya mwito na kiitikio. Kwa hiyo ukisikia sauti zimekauka ghafla, usimlaumu Cass, laumu programu. Mimi husikiliza sauti tupu mara tatu, kisha narudi kwenye wimbo mzima, vinginevyo unaanza kupenda mifupa na kusahau kwamba kulikuwa na mtu.

Basi, Alhamisi. Niliwapigia mara mbili. Mara ya pili nikawaomba wafumbe macho na wanyooshe kidole kila watakaposikia waitikiaji wanavuta pumzi. Vidole vilipanda kwa pamoja, karibu vyote. Nilipozima, mama mmoja wa alto, mkongwe kuliko sisi sote na asiyejua Kiingereza wala hao waimbaji, akauliza:

“Mwalimu, huyo mmoja anayesikika kwa mbali anafanya nini? Mbona hawa wameshayasema yote?”

Nikakosa jibu. Ni kweli, katika ubeti ule wa kwanza hakuna mstari anaousema kiongozi ambao kundi halikuuchukua.

Tukachukua wimbo wetu wa Jumapili, ule ambao kijana wetu wa tena ndiye anayeimba solo, nikamwambia akae kwanza. Waitikiaji wakauimba wote peke yao, wakivuta neno la mwisho mpaka lilipogusa lile linalofuata. Tulirudia mara nne. Mara ya nne nilizima feni ili nisikie vizuri. Kijana alikaa kwenye benchi la nyuma na simu yake, na nilipomwita aingie akaniuliza aingilie wapi, maana hakuna nafasi.

Nikamwambia hapohapo, katikati ya pumzi zao. Bado hajanisamehe.