Bakteria kwenye damu ya maiti si uthibitisho wa sepsisi

Hapa Moshi nimesikia zaidi ya mara moja, wasifu wa marehemu unaposomwa msibani, kwamba uchunguzi wa maiti ulikuta bakteria kwenye damu na kwa hiyo ndugu yetu amefariki kwa sepsisi. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo yenye kasoro.

Sepsisi, kwa fasili inayotumika kimataifa tangu 2016, ni hali inayohatarisha maisha ambapo viungo vya mwili vinashindwa kufanya kazi kwa sababu mwili umeyakabili maambukizi kwa namna iliyovurugika. Msingi wake ni mwitikio wa mwili, wala si kuwepo kwa kimelea peke yake. Hata kupiga mswaki kunaweza kuingiza bakteria wachache kwenye damu ya mtu mzima wa afya, wakatoweka bila yeye kujua. Na kinyume chake, mgonjwa aliyezidiwa na sepsisi anaweza kuoteshwa damu, yaani damu yake ikawekwa maabara ili bakteria waliomo wamee, na kisionekane kitu, hasa akiwa ameshaanza antibiotiki.

Baada ya kifo mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa bakteria wa utumbo hupenya kuta zilizokwisha kulegea na kusambaa mwilini, tena kwa kasi maiti ikichelewa kuwekwa kwenye jokofu, na sampuli yenyewe inaweza kuchafuliwa na ngozi wakati wa kuchukuliwa. Shinikizo la damu, kasi ya kupumua na kiasi cha mkojo, ambavyo daktari wa wodini huvitegemea, havipimiki tena. Bandama laini, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa dalili ya sepsisi, inaweza kulainika kwa kuoza tu.

Ndiyo maana mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza maiti na tishu, hutafuta alama za ule mwitikio ndani ya tishu zenyewe. Vipande vya mapafu huhifadhiwa kwenye formalini, hukatwa vyembamba sana, kisha hupakwa kingamwili zinazoshika protini maalumu na kuzitia rangi inayoonekana kwa hadubini. Mojawapo ni selektini E, ambayo kwa kawaida haipo, au ipo kidogo mno, kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, lakini hujitokeza ndani ya saa chache uvimbe unapowaka ili kuzinasa chembe nyeupe zinazopita. Nyingine ni VLA-4, iliyo juu ya chembe nyeupe zenyewe. Kwenye damu hupimwa pia prokalsitonini, protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi makali ya bakteria, ambayo haiharibiki upesi baada ya kifo. Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayojitosheleza, maana majeraha makubwa na kuungua navyo huamsha mwitikio unaofanana, hivyo husomwa pamoja na historia ya ugonjwa na chanzo cha maambukizi.

Kwa hiyo atakayeandika wasifu akiwa na jibu la kuotesha damu pekee, aandike kwamba bakteria walikutwa kwenye damu, na chanzo cha kifo akiache kama daktari alivyokiandika.