Kushusha injini ya 3L ya Hilux: dhana potofu na ukweli

3L ni injini ya dizeli ya Toyota Hilux: ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina tabo (pampu ya kusukuma hewa) wala kompyuta. Kwa sababu hiyo kila mwenye boksi la spana huamini anaweza kuishusha, yaani kuifungua na kuijenga upya, na nyingi hurudi gereji mwaka haujaisha. Spea zake zinapatikana. Kinachoua injini hizi ni maneno yanayokubaliwa bila mtu kushika kipimo.

"Imevuka kilomita laki nne, basi imeisha"

Namba ya dashibodi ni dokezo tu, na kwa gari la mtumba hata dokezo hilo si la kuamini sana. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla hujafungua nati yoyote. Injini iwe ya moto, betri imejaa, hita plagi zote nne zimetolewa, waya wa solenoidi ya kukata dizeli umechomolewa. 3L nzima hutoa karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 20, imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5.

Silinda moja ikiwa chini na wenzake wako sawa, angalia kwanza nafasi ya valvu (mwanya kati yake na kamshafti). Viti vya valvu vikiliwa, nafasi hupungua hadi valvu haifungi sawasawa. Injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa zinatakiwa 0.20 hadi 0.30 mm, za kutoa moshi 0.40 hadi 0.50. Shimu chache (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo) zimeokoa injini nyingi zilizokwisha kuhukumiwa. Moshi mweusi nao si ushahidi wa ringi (pete za pistoni) zilizokwisha: tafuta kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli na chujio la hewa. Wa bluu ndio wa oili. Halafu fungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma. Ikiwa inapumua kwa nguvu hadi mfuniko unarukaruka, hapo sasa tuzungumze kuishusha.

"Ringi mpya zinatosha, bloku bado nzuri"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa za watu kuliko zote. Silinda hailiki sawasawa. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kuna joto kali, mgandamizo mkubwa na oili kidogo, kwa hiyo huliwa zaidi. Chini inabaki karibu na saizi yake ya kiwandani. Pitisha ukucha juu ya silinda na utausikia ukingo: juu yake ni chuma ambacho ringi haijawahi kukigusa.

Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 96 iliyoliwa hadi kipenyo kikaongezeka 0.20 juu. Mzingo wake (urefu wa kuizunguka) umeongezeka kwa 0.63 mm. Maana yake mdomo wa ringi, pale ncha zake mbili zinapokaribiana, hufunguka na kufunga kwa 0.63 mm kila pistoni inapopanda na kushuka, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hilo hutokea mara 50 kwa sekunde. Ringi hata iwe ya bei gani haitafuata ukuta wa namna hiyo. Na ukipima mdomo wa ringi juu ya silinda ukauona ni 0.35, ujue chini ncha zake zitagongana, ringi ikwame na kuchana ukuta. Nafasi ya mdomo hupimwa chini, kwenye sehemu isiyoliwa. Kwa kadirio, 0.3 hadi 0.4 mm kwa kila milimita 100 za kipenyo.

Kwa hiyo pima kwa dayo geji (saa ya kupimia kipenyo cha ndani): juu, kati na chini, kila mahali mara mbili, kufuata urefu wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kuukata. Silinda nne, vipimo 24, vyote viandikwe. Ikiliwa kufikia 0.20 mm, silinda zote nne zichongwe saizi moja, kwa kawaida saizi ya kwanza, 0.50 mm zaidi ya ya kiwandani. Nunua pistoni kabla ya kupeleka bloku (mwili wa injini wenye silinda) kuchongwa. Mchongaji anatakiwa kuipima kila pistoni kwa mikromita na kuichongea silinda yake; anayechonga kwa kuangalia maandishi ya boksi anabahatisha.

Bloku ikirudi, usioshe kwa petroli wala dizeli. Mafuta huusukuma unga wa jiwe la kusugulia ndani ya mikwaruzo na kuuacha humo. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, kisha futa kwa kitambaa cheupe kilicholowa oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili mara moja, maana kutu huanza ndani ya dakika chache.

"Gasketi ya hedi ni gasketi tu"

3L ina gasketi za unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F. B ndiyo nyembamba, F ndiyo nene. Inayofaa huchaguliwa kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku, na inafuatwa ile iliyochomoza zaidi. Injini hii hubana hewa mara 22 na kitu, hivyo sehemu ndogo ya milimita inaonekana: nene mno, asubuhi inasumbua kuwaka, nyembamba mno, pistoni inaweza kugusa juu. Uso wa bloku ukisawazishwa, pistoni huchomoza zaidi na gasketi ya zamani haifai tena kuwa mfano.

Hedi (kichwa kinachofunika silinda) yenyewe ipimwe nyufa kwanza, ndipo isawazishwe. Inazibwa, inatiwa hewa, inazamishwa kwenye maji ya moto. Viputo vinaonyesha ufa, mara nyingi kati ya valvu mbili. Wengi hufanya kinyume, wakalipia kusawazisha hedi ya kutupwa.

Bolti zake hazikazwi kwa "kuhisi mkono". Safisha mashimo yote ya bolti yakauke kwanza, kwani oili iliyobaki chini haina pa kwenda na inaweza kupasua bloku. Paka oili kidogo kwenye nyuzi, anza katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, hadi 78 N·m. Kisha weka nukta ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Zungusha zote digrii 90, kisha zote tena digrii 90. Mwishoni nukta zote zinatazama nyuma. Moja ikitazama pembeni, umeiruka.

"Krenki ipigwe msasa, itapokea beringi mpya"

Msasa unang'arisha, haurudishi umbo la duara. Pima kila shingo (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) kwa mikromita pande mbili. Ikiwa ya yai au ina mistari inayoshika ukucha, inasagwa, na beringi hununuliwa baada ya kujua saizi iliyosagwa. Kanuni ya kukadiria nafasi ya oili ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: shingo ya milimita 55, karibu 0.055 mm.

"Toa thermostati, gari lisichemshe"

Bila thermostati (valvu inayozuia maji hadi injini ipate moto) injini haifiki joto lake, na isiyofika hupitisha dizeli isiyoungua kwenye kuta, inaosha oili, ringi mpya zinaliwa. Tena, ikitolewa kwenye injini zenye njia ya mchepuko, sehemu ya maji moto hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta. Kama linachemsha, sababu iko kwenye rejeta, pampu ya maji, klachi ya feni au hedi.

Silikoni ya kuzibia je? Mstari mwembamba, na tu panapotakiwa. Inayomiminikia ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

"Iache kwa silensa siku nzima, izoee"

Ringi hukaa kwa kusukumwa na mgandamizo, na kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila mzigo, mgandamizo huo ni mdogo. Ukuta hung'aa kama kioo, ringi hazikai, gari linakula oili maisha yake yote. Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli na upige stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Unganisha, washa, kagua uvujaji, kisha ingia barabarani: mzigo wa wastani, kasi ibadilike, usivute tela wala kulikimbiza mfululizo.

Mwaga oili baada ya kilomita 500 na ukate kopo la chujio lake, mbali na karatasi ya ndani. Kunjua mikunjo juani. Unga laini wa kijivu ni wa ringi zinazokaa. Vipande vinavyometa rangi ya shaba ni vya beringi, na gari hilo lisiondoke gereji siku hiyo.