Kijiji cha ikolojia: anza na msitu, nyumba zitafuata

Vikundi vinavyoniita kuwapangia kijiji cha ikolojia huja na ramani zinazofanana: nyumba zimezunguka uwanja, bustani zimezunguka nyumba, na pembeni kabisa kuna eneo la kijani lililoandikwa "msitu wa pamoja". Ndani ya hiyo kijani hakuna njia, hakuna mpaka, hakuna chochote. Nikiuliza kuni zitatoka wapi, wananionyesha hapo hapo. Nikiuliza ng'ombe watalishwa wapi mwezi wa tisa, hapo hapo.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyoisoma pamakalcha, yaani kupanga shamba na makazi kwa kufuata maumbile yanavyofanya kazi. Bill Mollison na David Holmgren, walioianzisha kule Australia miaka ya 1970, walipanga shamba kwa kanda: unachokigusa kila siku kiwe jirani na mlango wa jiko, unachokihitaji mara chache kiwe mbali. Kanda ya kwanza ni mchicha, mchaichai na mpapai unaokunywa maji ya kuoshea vyombo. Ya pili matunda na kuku, ya tatu mahindi na mtama, ya nne malisho na miti ya kuvuna, ya tano pori linaloachwa lijiendeshe lenyewe. Kanuni nzuri, ila inamfaa zaidi mwenye shamba na nyumba moja. Kijiji cha kaya 40 kina majiko 40, na msitu uleule ni kanda ya nne ya kila jiko. Ukiuandika kuwa kanda ya tano, watu watauvuna vilevile, sema tu watauvuna kila mtu kivyake.

Wasukuma walishalimaliza suala hili kabla neno pamakalcha halijazaliwa. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikue bila kuguswa, kisha linafunguliwa kiangazi kimekolea, kipande kwa kipande, mifugo isitapakae kote kwa siku moja. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji kizima. Mkoloni alifyeka misitu ya Shinyanga kuua mbung'o, pamba ikala sehemu kubwa ya iliyobaki, halafu miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha watu kwenda kwenye nyumba za mstari, mbali na ngitili zao. Msitu ukabaki bila mtu wa kuuliza nani kaingia. Mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka isiyofika 20 baadaye zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Mwanzoni mpango ule ulihimiza sana miche ya kwenye vitalu. Kilichorudisha miti kwa wingi kilikuwa visiki vilivyokuwa bado hai ardhini, na watu kurudishiwa mamlaka juu ya maeneo yao. Mikutano ya kimila ya dagashida iliweka kanuni, sungusungu wakazisimamia, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Kwa hiyo mfadhili akiniambia ana miche 10,000 ya kugawa, kwanza namwomba tutembee tuhesabu visiki.

Kazi yenyewe haihitaji kitalu wala pampu, na Dodoma sasa wanaiita kisiki hai. Kwenye kisiki chenye machipukizi mengi unabakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata karibu kabisa na kisiki. Yale uliyobakiza unayapogolea matawi ya chini, hadi kama nusu ya kimo chake. Kisha unafunga kitambaa cha rangi, mchunga mbuzi na mkata fito wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Vilivyokatwa vinakwenda jikoni, na hapo ndipo akina mama wanapokubali mpango, maana hakuna aliyewaambia wasubiri miaka kumi ndipo wapate kuni.

Kwenye miteremko nayapa maji nafasi kabla ya barabara. Fremu ya herufi A, fito tatu na kamba yenye jiwe, inatosha kupima kontua, yaani mstari wa kimo kimoja kwenye mteremko. Kisha linakuja tuta linaloitwa fanya juu: unachimba mfereji kufuata kontua, udongo unautupa upande wa mlimani, juu ya tuta unapanda matete. Barabara ikitangulia, maji yataifuata yenyewe na korongo litaanzia hapo.

Halafu majiko. Jiko banifu, linalotumia kuni chache, na safu ya miti ya gilisidia au lusina kwenye mpaka wa kila kiwanja vinaupunguzia msitu mzigo, na vyote viwili viwepo kabla familia ya kwanza haijahamia.

Kipande kinachochosha ni karatasi. Kijiji kilichosajiliwa kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002: kamati ya maliasili, mpango wa usimamizi unaopitishwa na mkutano mkuu, sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kikundi cha marafiki walionunua ekari zao hakiwi kijiji kwa kujiita kijiji. Sheria hiyohiyo inaruhusu kikundi kuwa na msitu wa hifadhi wa jamii, lakini kama ardhi iko ndani ya kijiji, serikali ya kijiji ishirikishwe mapema, pamoja na majirani waliokuwa wakiokota kuni hapo tangu utoto wao. Ukiwawekea senyenge bila mazungumzo, utalala ukisikia shoka.

Ndiyo maana siku hizi nachora nyumba mwisho. Kabla ya hapo naomba muhtasari wa kikao, uliosainiwa, unaojibu maswali manne: msitu unafungwa mwezi gani, unafunguliwa mwezi gani na kwa kipande kipi kwanza, nani anatoa kibali cha kukata mti mbichi, na fedha za faini zinakaa kwa nani. Swali la nne ndilo huwa linachukua vikao vingi.