Kulivua Behewa la Tangi Umarekani Wake

Behewa langu la kwanza la modeli nililipaka rangi ya fedha, nikaandika KENYA RAILWAYS ubavuni kwa herufi zilizonyooka, nikampelekea mzee jirani yangu hapa Kisumu. Mzee alistaafu akiwa TXR, yule mkaguzi anayetembea kando ya treni na nyundo akigonga magurudumu kabla haijaruhusiwa kuondoka. Aliliinua, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Omera, hili ni la wapi?"

"La kwetu, mzee. Si umeona jina?"

"Jina nimeliona. Behewa ndilo sijaliona."

Mimi kazi yangu ya mchana ni kupaka magari rangi, kwa hiyo nilikuwa nimeamini kwamba rangi ndiyo kila kitu. Gari jeupe likipakwa jekundu, watu wote wataliita gari jekundu. Behewa la modeli halikubali hivyo. Lile nililompelekea mzee lilikuwa la Kimarekani, la kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, la aina ya kisasa ya galoni 30,000. Tangi lake halisi lina kipenyo cha mita tatu hivi. Ukiliweka kwenye reli yetu ya mita moja litaonekana kama kiboko aliyepanda baiskeli. Rangi ya fedha ilizidi kulinenepesha.

Tangu siku hiyo naanza na kiuno, yaani kipenyo cha tangi, rangi baadaye.

Kupata kiuno kunahitaji picha moja nzuri, iliyopigwa kutoka kichwa cha behewa, umesimama katikati ya reli kwa mbali kidogo. (Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kwanza. Na usijaribu kabisa kupiga picha ndani au karibu na bohari za mafuta. Hayo ni maeneo ya ulinzi, na simu yako haitarudi.) Uzuri wa picha hiyo ni kwamba tayari ina rula ndani yake. Upana kati ya reli mbili ni milimita 1,000 kamili, tangu reli ilipofika hapa ikiitwa Port Florence mwaka 1901. Pima upana huo kwenye skrini, kisha pima upana wa tangi. Mimi nilipata milimita 42 kwa reli na 88 kwa tangi. Gawanya: tangi ni mita 2.1. Hakikisha tu unapima reli pale chini ya uso wa tangi ulio karibu nawe. Ukipima reli iliyo mbele zaidi, karibu na miguu yako, itaonekana pana, na tangi lako litakonda kwa uongo.

Urefu niliupata kwa picha ya ubavuni: mita 10.4. Hapo nikafanya hesabu ya darasa la nane, pai mara nusu kipenyo mara yenyewe mara urefu, nikapata mita za ujazo 36, yaani lita 36,000. Kwa dizeli huo ni uzito wa tani 30 hivi. Nilimuuliza mzee kama behewa la magurudumu manane linaweza kubeba hivyo, akatikisa kichwa kukubali bila kuacha chai yake. Hesabu ikikupa tani 60 kwenye reli hii, rudi ukapime picha upya.

Kwa 1:87, mita 2.1 ni milimita 24, na mita 10.4 ni milimita 119 na nusu. Kwa hiyo sikutafuta tena modeli ya kisasa. Nilitafuta ya kizamani, ile ya galoni 8,000 za Marekani, ambayo ni lita elfu 30 hivi. Kiuno chake kinakaribiana sana na chetu, ila urefu unapungua karibu milimita 20. Hivyo nilinunua mbili, nikakata moja ili kurefusha nyingine. Kuna watu wataona huo ni ukatili. Sawa, lakini vichwa viwili vya mviringo vilivyobaki vina kazi nyingine, nitafika huko siku nyingine.

Kukata tangi la plastiki kwa mkato ulionyooka kabisa si kazi ya jicho. Chukua ukanda wa karatasi wenye kingo zilizonyooka, uzungushe kwenye tangi hadi kingo zikutane, chora mstari, kisha kata kwa msumeno mwembamba ukilizungusha tangi kidogo kidogo. Ndani ya maungio nilitia kipande cha bomba la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20 linalouzwa kila hadwea. Nililivisha mzunguko mmoja wa karatasi yenye gundi, likakaa ndani ya tangi kama mkono ndani ya glavu. Ndani ya bomba hilo nikajaza nati za zamani kwa ajili ya uzito. Chama cha waundaji modeli wa Marekani, NMRA, kinapendekeza gramu 28 za kuanzia na 14 zaidi kwa kila inchi ya urefu. Langu la inchi tano na nusu likatoka gramu 105. Behewa jepesi huruka reli kwenye kona. Hilo utalijua bila kufundishwa na chama chochote.

Modeli hizi za kizamani zimejaa vichwa vya ribiti, kwa sababu matangi ya enzi hizo yaliungwa kwa ribiti. Tangi la kwenye picha yangu limechomelewa. Kwa hiyo msasa: namba 400, kisha 800 wenye maji, hadi ngozi yote iwe laini. Kuba lile kubwa la juu lilikatwa, mahali pake nikaweka menholi fupi niliyoichonga kutoka kwenye kifuniko cha kalamu. Mistari ya kuchomelea niliirudisha kwa nyuzi za plastiki: shika kijiti cha fremu ya modeli juu ya mshumaa, kikilainika kivute taratibu, utapata uzi mwembamba kuliko unywele. Uubandike, upitishe msasa mara moja tu. Ukiuona ukiwa umesimama mbali, umezidi.

Chini kuna kazi nyingine. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5, ambayo ukizidisha kwa 87 unapata 1,435, upana wa SGR. Kwa reli ya mita unahitaji milimita 12. Wazungu wanaiita HOm, na wanaoitumia sana ni wapenzi wa treni za milimani Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja. Bogi, yaani fremu ndogo zinazobeba magurudumu, za kampuni ya Bemo za HOm ni nzuri lakini zinauma mfukoni. Njia rahisi ni magurudumu ya kipimo cha TT, 1:120, ambayo nayo hukimbia kwenye milimita 12. Ninachopenda katika kuanza na modeli ya Marekani badala ya ya Uingereza ni kwamba mabehewa yao, kama yetu, hushikana kwa kapla moja ya katikati. Modeli za Kiingereza huja na bafa, yaani vizuizi vya kugongana, mbili pembeni kila kichwa cha behewa, na kuzing'oa huacha makovu.

Sasa rangi. Hapa ningetarajia kuwa bingwa, na hapa ndipo niliharibu vibaya zaidi. Nilichukua duko ya gari, nikaichanganya na thina ileile ninayotumia kila siku, nikapuliza. Baada ya dakika mbili tangi lilianza kukunjamana kama ngozi ya kobe. Thina ya duko inayeyusha polistaireni. Bati la gari halijali, plastiki inajali sana. Saa nyingi za msasa zikaenda. Siku hizi napuliza rangi za maji za akriliki, au enameli iliyozimuliwa kwa spiriti nyeupe, juu ya andakoti ya kijivu. Bunduki ya gari ina tundu la milimita 1.4, brashi ya hewa ina 0.3, na inataka upepo mdogo, kati ya psi 15 na 20. Ukipuliza kama unapaka matatu, herufi na ngazi zote zitazama.

Kuondoa rangi ya kiwandani ni rahisi kwa mtu wa gereji: mafuta ya breki. Loweka usiku mmoja, vaa glavu, sugua na mswaki, osha kwa sabuni mara mbili. Jaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji, kwa kuwa plastiki hazifanani.

Jambo moja la Kisumu: usipulize jioni wakati wa masika. Hewa ya ziwa imejaa unyevu, na vanishi inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Mimi napuliza saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaondoa umande.

Herufi nazitengeneza kwa karatasi ya stika za maji, nachapisha mjini. Mashine ya kawaida ya leza haina wino mweupe, kwa hiyo tangi jeusi lenye herufi nyeupe ni tabu. La fedha lenye herufi nyeusi ni dakika tano. Nakiri kwamba nilichagua behewa la fedha kwa sababu hiyo, si kwa mapenzi. Herufi ya sentimita 30 inakuwa milimita 3.4. Namba ya behewa naitoa kwenye picha. Sibuni. Na zile alama za Kimarekani za almasi, za kuonya kuhusu shehena hatari, zinazokuja ndani ya pakiti, hata kama namba zake, 1202 ya dizeli na 1203 ya petroli, ni za Umoja wa Mataifa na zinatumika duniani kote, usizibandike ikiwa picha yako haina.

Baada ya stika, uchafu. Nilikuwa nimezoea kuondoa uchafu kwenye magari, si kuutengeneza, kwa hiyo mara ya kwanza nilimwaga weusi kila mahali, pande zote sawa, hadi mwingine ukitiririka kutoka kwenye vali ya chini kwenda juu. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Tangi hujazwa wapi?"

"Juu, mzee."

"Basi doa litoke juu. Na lilibeba nini?"

Sikuwa nimefikiria. Akanieleza, na hii ndiyo sehemu ambayo sijaiona ikiandikwa na mtu. Dizeli ikimwagika haikauki upesi, inashika vumbi, inakuwa mkanda mweusi wenye kung'aa kidogo kuanzia menholi. Petroli hukauka haraka na husomba vumbi njiani, kwa hiyo alama yake ni mstari safi kuliko rangi iliyo jirani. Mafuta mazito ya tanuri, yale yaliyochomwa na injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, huganda kwa matabaka kama nta. Molasi kutoka ukanda wa miwa, Chemelil na Muhoroni, huacha kahawia nzito inayonata, na nyasi na vumbi vinajishika humo. Kwa hiyo kabla ya kuchovya brashi sasa najiuliza behewa hili lilikuwa likifanya nini, na lini. Bomba la mafuta lilifika Kisumu mwaka 1994. Kabla ya hapo mafuta ya huku yalikuwa yakipanda reli kupitia Nakuru na Mau Summit, na mengine yakavuka ziwa yakiwa ndani ya mabehewa yaleyale, juu ya sitaha ya MV Uhuru iliyotandikwa reli.

Langu nililipa dizeli. Rangi ya mafuta, nyeusi na kahawia, iliyozimuliwa sana, mikanda miwili kutoka menholi, upande mmoja mzito kuliko mwingine kwa sababu mpakiaji alisimama upande mmoja. Chini, vumbi jekundu la Koru na Fort Ternan kwenye bogi, na juu yake mguso wa tope jeusi la uwanda wa Kano. Rangi ya fedha yenyewe niliikoleza kwa kijivu kidogo. Fedha safi kwenye kitu kidogo hung'aa kama sufuria mpya.

Juzi nilimpelekea mzee. Alilishika muda mrefu zaidi. Akapima kiuno kwa macho, akapitisha kidole kwenye mkanda wa dizeli, akakinusa kidole kile kwa mazoea. Kisha akaligeuza na kuanza kutafuta kitu pembeni, karibu na bogi.

"Tarehe ya ukaguzi iko wapi?"

Sikuwa nimeiweka.

"Hili haliendi popote," akasema, akalirudisha mezani, na mimi nikarudi mjini kuchapisha stika ya milimita mbili.