Usindikaji na uhifadhi wa mimea dawa kwa ajili ya soko

Usindikaji wa mimea dawa ni mfululizo wa kazi zinazofanywa tangu jani, mzizi, gome, ua au mbegu inapotolewa shambani au porini hadi inapofungwa katika kifungashio chenye lebo, kwa lengo la kumfikishia mnunuzi mali iliyo safi, inayotokana na mmea uleule uliotajwa, na ambayo haijapoteza viambata, yaani kemikali za asili za mmea, vilivyoifanya itafutwe. Uhifadhi ni kuilinda hali hiyo kwa muda wote mali inapokaa stoo, njiani na dukani. Wengi huzichukulia kazi hizi kana kwamba moja huisha ndipo nyingine ianze. Kwa mji kama Dar es Salaam, ulio ufukweni na wenye hewa nzito, mgawanyo huo haufai, kwa sababu jani lililokaushwa vizuri likiachwa wazi hunyonya maji kutoka hewani, na kazi ya siku kadhaa huharibika bila mtu kulimwagia hata tone.

Jambo la msingi, basi, ni unyevu. Robo tatu au zaidi ya uzito wa jani bichi la mlonge ni maji, na mali kavu ya mimea mingi hutakiwa ibaki na unyevu usiozidi asilimia 10 hadi 12. Unga wa majani ni salama zaidi ukishuka chini ya asilimia 8. Juu ya viwango hivyo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya mmea, huendelea kuvunjavunja viambata, na kuvu hupata maji ya kuotea. Baadhi ya kuvu hao, hasa jamii ya Aspergillus, hutengeneza sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, hivyo mnywaji wa dawa ya kuchemshwa asidhani kwamba moto wa jikoni utamwokoa na mzizi uliovunda.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kilo 100 za majani mabichi yenye maji asilimia 78 zina kilo 22 tu za kitu kikavu. Yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 10, mizani itasoma takriban kilo 24.4, yakiachiwa asilimia 14, itasoma karibu kilo 25.6. Ile kilo moja na ushee ni maji, na anayenunua kwa kilo huyalipia kwa bei ya dawa. Mkusanyaji wa Kisarawe au Mkuranga hulipwa kwa uzito, kwa hiyo kila siku anayoongeza ya kukausha humpunguzia fedha, ilhali anayebeba hasara ya kuvu miezi miwili baadaye ni msindikaji wa mjini. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa jumla angetangaza bei mbili, moja ya mali iliyokauka sawasawa na nyingine ya mali yenye maji, angepata zaidi kuliko anavyopata kwa kulaumu watu ambao bei yake mwenyewe inawafundisha kutokausha.

Kukausha kwenyewe kunategemea sehemu ya mmea. Majani na maua hukaushwa kivulini, juu ya chanja zenye wavu, yakitandazwa kwa tabaka jembamba ili hewa ipite juu na chini, kwa kuwa jua kali huyapausha na kuharibu baadhi ya viambata. Mimea yenye mafuta ya harufu, kama mchaichai na mrehani, haipaswi kupata joto la zaidi ya nyuzi 40 hivi, la sivyo harufu inayowavutia wateja ndiyo inayokuwa ya kwanza kuondoka. Mizizi na magome huoshwa, hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, kisha huweza kustahimili joto kubwa zaidi. Kuanika kwenye turubai kando ya barabara, penye vumbi, moshi wa magari na kuku wanaokatiza, ni kuongeza uchafu ambao hakuna chekecheke litakaloutoa baadaye. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kivuli peke yake hakitoshi. Pasipo kaushio lenye joto na hewa inayozunguka, ni afadhali kutovuna. Na katika msimu wowote mali huingizwa ndani kabla ya magharibi, maana usiku hewa hurudisha sehemu ya maji yaliyotolewa mchana.

Kipimo cha mkono kipo. Jani lililokauka hupukutika likifinywa, lakini mwenye uzoefu halitazami bapa la jani. Hulikunja kikonyo chake. Kikonyo kikipinda, maji bado yamo. Kikikatika kwa mlio, mali iko tayari. Gome na mzizi navyo hupasuliwa ili kutazama katikati, kwa sababu nje hukauka mapema na kudanganya. Msindikaji wa biashara, hata hivyo, anahitaji namba: gramu 5 za sampuli hupimwa, huwekwa katika oveni ya nyuzi 105, hupozwa na kupimwa tena hadi uzito usibadilike, na tofauti ya uzito ndiyo unyevu. Kwa mimea yenye mafuta ya harufu kipimo hiki huzidisha kidogo, kwani mafuta nayo huondoka pamoja na maji.

Kusaga kunapaswa kuchelewa kadiri inavyowezekana. Kipande kizima kina eneo dogo linalokutana na hewa. Unga una eneo kubwa, hivyo hunyonya unyevu haraka na kupoteza harufu haraka. Aidha, mzizi ukishakuwa unga, jicho haliwezi tena kuutofautisha na mzizi mwingine. Ndiyo maana ni busara kuhifadhi mali ikiwa vipande na kusaga kiasi kinachouzika karibuni. Mashine hupasha unga joto, na unga ukifungwa ukiwa wa moto hutoa jasho ndani ya kifungashio, kisha kuvu huanzia pale kwenye matone.

Kiroba cha kawaida huzuia vumbi lakini hakizuii hewa. Mali inayokaa huhitaji mfuko mzito usiopitisha hewa, wa aina ambayo wakulima huhifadhia nafaka, au ndoo yenye mfuniko unaobana. Vifungashio hivyo huwekwa stoo yenye giza, juu ya chaga na mbali kidogo na ukuta, na bechi iliyoingia kwanza hutoka kwanza. Vidudu vinavyotoboa mizizi na magome hudhibitiwa kwa usafi na ukaguzi, si kwa kupuliza dawa ya kuua wadudu juu ya kitu ambacho mtu atakinywa. Chupa angavu iliyopangwa juani mbele ya duka humvutia mpita njia, lakini unga uliomo humo hupoteza ukijani wake siku hadi siku.

Utambulisho wa mali huanza siku ya kuvuna. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 kuhusu kilimo na ukusanyaji bora wa mimea dawa, lilisisitiza kumbukumbu za mmea wenyewe, sehemu iliyochukuliwa, mahali na tarehe. Jina la kienyeji halitoshi, kwani jina moja huweza kubebwa na mimea miwili katika wilaya mbili. Penye shaka, sampuli yenye majani na maua hulinganishwa na zile zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kutambuliwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa upande wa sheria, bidhaa inayouzwa kama tiba iko chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, huku uchunguzi wa usalama ukifanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Unga uleule wa mlonge ukiuzwa kama chakula huhusu Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo msindikaji aamue anauza nini kabla hajachapisha lebo.

Lebo hiyo ina tarehe mbili zinazochanganywa mara nyingi, ya kuvuna na ya kusaga. Umri wa mali huhesabiwa tangu ilipovunwa na kukaushwa. Mwaka mmoja ni ukomo wa busara kwa majani na maua, na mizizi na magome huweza kuvuka hapo yakiwa makavu na yamefungwa vizuri. Anayesaga leo majani yaliyokaa stoo miezi 10 na kuandika kwamba unga utadumu mwaka mzima kuanzia leo, ameandika tarehe ya mashine, na mteja wake atakuwa anatumia majani ya karibu miaka miwili.