Ndovu mweupe: mchezo wa kunyang'anyana zawadi

Ukimtaja ndovu mweupe kwa Mkenya, fikira zake zitakimbilia soko lililojengwa kwa mamilioni, likapakwa rangi, kisha likaachiwa mbuzi. Maana hiyo ni sahihi, lakini ipo nyingine inayofaa kujulikana kabla ya Desemba. Ndovu mweupe ni mchezo wa kupeana zawadi. Wamarekani huuita White Elephant, na watu wa New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, wanaujua zaidi kama Yankee Swap.

Soko lile na mchezo huu vimepata jina kwa mnyama mmoja. Kule Siam, nchi tunayoiita Thailand leo, ndovu mweupe alikuwa wa mfalme. Aliheshimiwa hadi akawekwa kwenye bendera ya nchi, akakaa humo mpaka 1916, na hakufanyishwa kazi. Inasimuliwa kwamba mfalme akitaka kumfilisi mtu wa ikulu, alimtunuku ndovu wa aina hiyo. Zawadi ya mfalme huwezi kuikataa wala kuiuza, na ndovu hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku. Ndiyo maana kitu cha fahari kinachomla mwenyewe kikaitwa ndovu mweupe, na mchezo nao ukaazima jina, kwa kuwa watu huleta vitu vya kuchekesha au vile vilivyowakwama kabatini.

Unachezwa hivi. Kila mtu huleta zawadi moja iliyofungwa, isiyo na jina. Zote huwekwa pamoja, halafu watu huokota vikaratasi vya nambari. Wa kwanza huchagua zawadi na kuifungua mbele ya wote. Wa pili ana hiari: afungue nyingine, au amnyang'anye wa kwanza. Aliyeporwa naye hufungua mpya au humpora mtu mwingine, ila haruhusiwi kuirudisha papo hapo ile aliyonyang'anywa, la sivyo mtavutana hadi jogoo awike. Na zawadi ikishaporwa mara tatu, inatulia kwa aliyenayo.

Kwetu jogoo aliwika kweli. Mwaka wa kwanza tulipoucheza nyumbani, karibu na Webuye, magharibi mwa Kenya, tulikuwa watu kumi na wawili na kikomo cha bei kilikuwa shilingi 500. Mtu mmoja alileta kikapu kilichofunikwa leso, na kabla hata vikaratasi havijaokotwa, kikapu kikawika. Siri ikaisha hapo, lakini hamu ndiyo ikaanza. Jogoo akaporwa mara moja, mara mbili, na ya tatu akaangukia kwa senge, yaani shangazi yetu, ambaye alimfunga mguu kwenye kiti chake papo hapo na kutangaza kwamba mchezo kwake umekwisha. Mwingine alijitahidi kufunga jembe kwa magazeti, mpini na yote. Hakuna aliyedanganyika, na halikuguswa mpaka mwisho. Katoni kubwa ya mafuta ya kupikia ndiyo iliyokimbiliwa. Ndani mlikuwa na tofali moja na kipande cha sabuni.

Wengi wanauchanganya mchezo huu na ule wa maofisini, wa kuokota jina la mwenzako na kumnunulia zawadi kwa siri. Ule unataka umjue mtu. Ukiangukia shemeji unayemwona mara moja kwa mwaka, utamnunulia soksi tu. Huku humbahatishi mtu yeyote, na badala ya kumnunulia kila jamaa, zawadi kumi na moja, unanunua moja, jambo la maana sana mwezi ambao nauli ya matatu ya kurudi nyumbani imepanda.

Una kasoro yake, nayo iko kwenye nambari. Wa kwanza hana cha kupora, ilhali wa mwisho ameshaona kila kitu. Dawa yake ni kumpa nambari moja zamu ya pili mwishoni kabisa, akipenda abadilishane na yeyote. Wapo wanaoruka kanuni hiyo ili kuokoa muda. Mimi siiruki, maana bila hiyo aliyeokota nambari moja huenda jikoni kusonga ugali, harudi tena.

Lakini kwetu magharibi kigugumizi kikubwa hakikutoka kwa nambari, kilitoka kwa heshima. Wamarekani wanaweza kumpora mtu yeyote. Je, mkwe amnyang'anye mama mkwe? Kwa desturi, hata kukaribiana ni shida, sembuse kumtoa kitu mkononi. Tulifikiria kuwaondoa wazee mchezoni, Kukhu, yaani nyanya yetu, akakataa katakata. Alisema hakuamka alfajiri kuja kutazama watu. Basi tukaweka kanuni yetu: kati ya mkwe na mkwe, mkono wa kupora ni wa mtoto.

Mkwe wetu alikaa chini ya mwembe, upande wa pili wa ua. Zamu yake ilipofika alikohoa, akatazama pembeni, akamnong'oneza mjukuu kwamba angependa ile chupa ya chai. Kukhu alikuwa ameipakata tangu aifungue. Mtoto akavuka ua huku watu wote wamenyamaza, akapiga magoti, akaomba. Kukhu akampa bila kusema neno. Mtoto alipoifikisha chini ya mwembe, mkwe akaigeuza huku na huku, kisha akaanza kucheka peke yake. Haikuwa na kifuniko.