Kipimo cha kasi ya intaneti hupima nini hasa?

Kipimo cha kasi ya intaneti ni jaribio la sekunde chache ambamo simu au kompyuta hupakua na kupakia data nyingi kadiri iwezekanavyo kati yake na seva maalumu, kisha matokeo yakatolewa kwa megabiti kwa sekunde. Matokeo hayo ni sahihi kwa njia iliyopitiwa na data hiyo na kwa wakati huo tu, na upotofu huanza pale yanapochukuliwa kuwa ndiyo kasi ya intaneti yote.

Jambo kubwa zaidi ni mahali ilipo seva. Speedtest ya kampuni ya Ookla, iliyoanza mwaka 2006, humchagulia mtumiaji seva ya karibu, na nyingi kati ya seva hizo zimewekwa na watoa huduma wenyewe ndani ya mitandao yao. Mkazi wa Shangani, Mtwara, anapopimiwa na seva iliyoko Dar es Salaam, data yake husafiri ndani ya nchi tu, bila kufika kwenye mikongo ya baharini kama SEACOM na EASSy inayotuunganisha na nje. Mikongo hiyo miwili ilipokatika mwezi Mei 2024, jaribio la namna hiyo lingeweza kutoa namba nzuri hata pale tovuti iliyohifadhiwa Ulaya ilipokataa kufunguka. Mwanafunzi anayeonyeshwa megabiti 30 huku mhadhara wake wa video ukikwamakwama ana haki ya kulalamika, kwa kuwa namba ile haikupima safari ya video yake.

Swali la haki linatokana na hapo hapo. Mtoa huduma anayeitambua data ya majaribio anaweza kuipa kipaumbele ambacho data nyingine haipati. Netflix ilipoanzisha kipimo chake cha Fast.com mwaka 2016, ilikifanya kitumie seva zile zile zinazorusha filamu zake, hivyo ni vigumu kupendelea jaribio bila kupendelea filamu pia. Kipimo cha NDT cha M-Lab, mradi wa wazi wa kupima intaneti, kwa upande wake, hutumia muunganisho mmoja, ilhali Speedtest kwa kawaida hufungua kadhaa kwa pamoja. Katika njia ndefu inayopoteza data, muunganisho mmoja huzidiwa mapema, kwa hiyo vipimo viwili katika nyumba moja vyaweza kutofautiana sana na vyote vikawa vya kweli.

Waifai dhaifu, simu ya zamani na mnara uliolemewa jioni navyo hushusha namba. Ikumbukwe pia kwamba megabaiti moja ni megabiti nane, na kwamba jaribio hula bando: kwa kasi ya megabiti 50, sekunde 15 za kupakua humaliza megabaiti zipatazo 94, gharama isiyo ndogo kwa anayenunua bando la siku.

Anayekusudia kumlalamikia mtoa huduma, au kufikisha suala lake TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), apime asubuhi na usiku akiwa karibu na ruta, abadilishe seva ili moja iwe ya Dar es Salaam na nyingine ya nje ya nchi, na ahifadhi picha za matokeo zinazoonyesha jina la seva, saa na mchelewesho, yaani muda ambao data huchukua kwenda kwenye seva na kurudi. Tofauti kati ya seva hizo mbili ndiyo itakayoonyesha kama tatizo liko mnarani kwake au mbele zaidi.